Kidole Kisichokunjika

Hopkins, Minnesota
Asubuhi ya theluji

Mke wangu wa tangu utotoni,

Shikamoo, Bibi. Najua umeitikia nusu mdomo, maana miezi imepita sijaandika. Nuna tu. Ukinuna unakuwa mzuri, ndiyo maana Babu alikuwa akikuchokoza. Goti linasemaje? Yule mbuzi wa pembe moja bado anakula kanga za watu kwenye kamba? Mimi mumeo ni mzima, nimenenepa, nina koti linalofika magotini. Ukiniona utadhani bwana shamba wa mkoa amekuja kukagua.

Na wewe Shija, binamu yangu unayemsomea Bibi, weka kalamu nyekundu chini. Mwalimu ni wewe, mimi niliishia kidato cha pili, dunia nzima inajua. Leo sitaki masahihisho. Nataka usome kila neno kwa sauti, usiruke hata moja, hata ukifika mahali ukaona haya. Hasa hapo.

Habari za huku ni baridi. Theluji inaanguka bila kupiga kelele hata kidogo. Mvua ya kwetu inabisha hodi kwenye bati. Hii unaamka tu unakuta imeshaingia uwanjani na imekaa kama mdai. Kazi bado ile ile ya ghalani, kule Eagan, zamu ya jioni. Napanga maboksi haraka kuliko wote, na sijisifu, waulize. Baba mdogo, aliyenipokea huku, anasema mdomo wangu unafanya kazi haraka kuliko mikono. Huyo ana wivu.

Mdomo huo ndio ulioniponza.

Pale ghalani kuna mama mmoja Mmarekani anaitwa Carol, mimi namwita Bi Karoli. Umri wake unakukaribia, anaendesha foklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo, kama anaendesha harusi. Siku moja tunakula, akalalamika kwamba amejaribu kuotesha miche nyumbani kwake, inakufa. Nami nikaweka kijiko chini.

"Umempata mwenyewe," nikamwambia. "Mimi nimezaliwa kwenye kitalu. Babu yangu alikuwa na ekari nne za tumbaku Urambo. Mche ukiniona mimi, unasimama wenyewe."

"Basi njoo unisimamishie ya kwangu, mtaalamu," akasema.

Nikaenda kwake Lakeville. Akanionyesha ngazi za kushukia chumba cha chini ya nyumba, yeye nyonga haimruhusu kushuka kila siku. Nikashuka. Bibi, ilikuwa bangi.

Shija, usishushe sauti. Bangi. Jimbo hili limeruhusu mtu mzima apande michache kwake, na yule mama anaitaka kwa ajili ya maumivu ya nyonga. Mimi sivuti, wala hakuna hata jani moja lililo langu. Baba mdogo aliposikia alinitolea macho: "Jimbo limeruhusu, serikali kuu haijaruhusu. Na wewe makaratasi yako yanatoka serikali kuu, kijana!" Nikamwambia mimi ni daktari wa miche tu, mgonjwa si wangu.

Kilimo chenyewe hakina udongo. Mbegu unaiweka kwenye kijiwe chepesi kama pamba, kilicholowa, kijiwe unakiweka kwenye trei yenye kifuniko cha plastiki kama sahani ya keki. Mche ukikomaa mizizi inaning'inia ndani ya ndoo ya maji yenye mbolea, na pampu ndogo inapuliza hewa ili isife maji. Jua ni taa. Ni kama kulea mtoto kwa chupa, mama hayupo, na chumba kizima kinanguruma.

Nilianza kwa maringo. Mbegu za kwanza ziliota siku ya tatu, zikarefuka nyembamba kama miguu ya kunguru, zikalala. Taa ilikuwa mbali, zilikuwa zinaifuata. Nikaishusha. Za pili zikaungua ncha za majani, maana nilitia mbolea kwa ukarimu, nikidhani mtoto akila sana ndiyo anakua. Bi Karoli hakugomba. Ana daftari, anaandika kila kitu: maji yana ukali gani, joto kiasi gani, nimekuja saa ngapi.

"Tunajifunza," anasema.

"Wewe unajifunza," namjibu. "Mimi nakumbuka."

Za tatu zilitoka vizuri. Kumi na mbili, kijani, masikio mawili mawili. Nikazipiga picha nikamtumia kila mtu ghalani. Mchana ule Bi Karoli alijikongoja ngazini akaja kuziona. Akasimama nyuma yangu, akanyoosha kidole kwenye trei.

"Mbona tundu za kifuniko umezifunga? Na hivyo vijiwe vimelowa sana. Nahisi miche inakosa hewa."

Nilikitazama kidole. Nilikuwa nimekaa naye miezi sita sijakitazama. Kidole cha shahada, mkono wa kulia, kiliwahi kubanwa na mzigo, wakamtia chuma ndani. Hakikunjiki. Akishika kikombe, chenyewe kinabaki kimesimama kinaelekea mbele.

Bibi, nilijikuta nimeikinga trei kwa mikono.

"Mwachie mtaalamu," nikasema.

Siku ya tatu baada ya hapo nilifika nikakuta miche imelala. Yote. Majani bado kijani, lakini shingoni, pale shina linapotoka kwenye pamba, pamekuwa pembamba kama uzi, rangi ya chai. Kama mtu aliipitia mmoja mmoja, akaifinya kwa kucha.

Nilijua nimeona hivyo wapi.

Bi Karoli alikuwa juu ya ngazi anauliza, "Vipi, mtaalamu?" Na mimi, mume wako, badala ya kusema sijui, nilicheka. Nikamwambia, "Kwetu mche mchanga haunyooshewi kidole. Ukitaka kuuonyesha unakunja ngumi, unaelekeza kwa kifundo. Wewe uliunyooshea, umeoza."

Alicheka pia. Halafu akautazama mkono wake. Akautia kwenye mfuko wa sweta, akageuka, akaondoka ameshika ukuta kwa mkono wa kushoto. Wiki ile yote ghalani alikunywa kahawa kwa kushoto. Wa kulia ulikaa mfukoni hata ndani ya foklifti, mpaka alipolazimika.

Nilipanda tena, lakini tangu hapo sikuwa peke yangu kule chini. Najua utasema ni mawazo. Ile pampu, Bibi, maji yakipungua inavuta hewa kwa pua: fsi, fsi, inanyamaza, fsi. Mtu anavuta ugoro. Mara mbili niligeuka nikiwa nimeshaanza kusema shikamoo. Kwenye kifuniko cha plastiki umande ulikuwa umeganda, na katikati umeteremka mstari mmoja, mnyoofu, urefu wa kidole. Niliufuta. Kesho yake ulikuwepo.

Unajua ni nani. Mlikuwa mnavuta kopo moja, wewe na yeye.

Baada ya wiki mbili Bi Karoli akaniambia nipite kwake kabla ya zamu, nisishuke chini, niende jikoni. Dirishani, kwenye kibakuli, kulikuwa na miche minne. Mifupi, minene, imesimama kama askari.

"Hii nimeiotesha mwenyewe," akasema. "Maji kidogo, kifuniko nikakitoa ilipochomoza tu. Na kila asubuhi, kabla sijanywa kahawa, nimeinyooshea kidole." Akautoa mkono mfukoni, akaielekezea palepale mbele yangu, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. "Hiki hiki. Sasa niambie, mtaalamu. Ile ya chini aliiua nani?"

Sikuwa na mzaha hata mmoja. Wewe unanijua, haijawahi kutokea.

"Mimi," nikasema.

Nilikuwa naijaza maji mara moja, mengi, ili nisisumbuke kurudi kesho, nafunga tundu ili yasikauke. Ni uvivu, Bibi. Ugonjwa wenyewe kwetu una jina, kinyausi, hata bwana shamba alikuwa akiutaja. Unakuja penye maji mengi na hewa kidogo. Hauhitaji mtu.

Nilipotamka "mimi" nililia, yule mama akadhani nalilia miche. Akanipigapiga mgongoni, akasema ni mbegu tu. Sikuweza kumweleza. Nakueleza wewe.

Shija, sasa soma polepole.

Mwaka ule nina miaka kumi na mmoja, Babu alikwenda mjini kwenye kikao cha ushirika, akaniachia kitalu. Nimwagilie kidogo asubuhi na kidogo jioni, na miche ikichomoza niondoe nyasi zilizokifunika. Kulikuwa na mpira uwanjani. Nikamwaga keni zote asubuhi, maji ya siku nzima, nikaacha nyasi juu ili pasikauke, nikakimbia. Siku nne hivyohivyo. Babu aliporudi akafunua nyasi, kitalu kizima kimelala. Mliniuliza. Nikasema, "Bi Kalunde alipita, akakinyooshea kidole."

Sikusema uongo. Alipita kweli, na kidole alinyoosha kweli, kile alichopondwa na mchi akiwa msichana kikakataa kukunjika. Kila mtu kijijini alielekeza miche kwa ngumi, yeye tu hakuweza, na nilijua mtaniamini. Lakini nilisema nusu. Nusu nyingine nimeikalia mpaka leo. Aliponyoosha kile kidole, Bi Kalunde alisema, "Mjukuu wangu, ondoa hizo nyasi. Miche inakosa hewa."

Maneno yale yale. Lugha nyingine, nchi nyingine, kidole kile kile.

Mengine unayajua kuliko mimi. Watu walivyoacha kuitikia salamu yake. Ndoo yake ilivyosogezwa mwisho kisimani. Wewe ulivyofunga kopo lako la ugoro alipokaribia, kwa sababu ulimwamini mumeo mdogo kuliko rafiki yako. Asubuhi ile akaondoka na sufuria na kuku mmoja, na mkono wa kulia ameuviringisha ndani ya kanga. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alinitazama. Hakunyoosha chochote.

Babu amekufa anaamini ni yeye. Hilo siwezi kulirekebisha. Hili lingine labda.

Nasikia yuko Kaliua kwa binti yake, au alikuwako. Nakuomba, Bibi, goti likikubali, uende na Shija. Chukua kopo la ugoro. Barua hii msomeeni yeye, yote, na mkirudi Shija aisome pale kisimani, siku ya watu wengi. Wakisema Maganga alikuwa mtoto, Shija uwajibu kwamba Maganga sasa ni mtu mzima na alikuwa anataka kufanya hivyohivyo mara ya pili.

Bi Karoli amerudi kushika kikombe kwa mkono wa kulia. Nimemwambia sishuki tena kule chini, aendelee mwenyewe, anajua kuliko mimi. Lakini bado nikiwa kwenye gari, vioo vikijaa ukungu, naogopa kutazama kile cha upande wangu.

Msalimie baba mkubwa, mwambie redio yake haikuharibiwa na radi, ni mimi. Leo nazimaliza dhambi zangu zote. Msalimie shangazi anayeuza maandazi, na mjomba fundi baiskeli, na yule mzee wa kanisa aliyenibatiza akashindwa kunifanya mpole. Shija, wewe nakusalimu kwa heshima, na samahani kwa kazi niliyokupa.

Mkimkuta hai, ikitokea akakinyoosha kile kidole kwenye karatasi hii, msigeuze uso na msiiondoe. Mwacheni akinyooshe mpaka achoke. Ananionyesha mimi, na safari hii nataka nionwe.

Mumeo aliyekukosesha rafiki,
Maganga