Bi Mwamvua Hajafagia

Jumanne, 28 Oktoba 2025

Pangani tena! Bi Mwamvua, mwenye nyumba ninayofikia kila likizo, kanitazama tumbo: Baba Yudi, mwaka huu umekuja na mwenzio? Mgeni wa chumba cha pili kaondoka asubuhi, nikashika ufagio nimsaidie bibi. Nikapokonywa! Hapa msafiri akitoka, nyuma yake hakufagiwi mpaka isikike kafika. Utamfagia na yeye, asirudi. Nimecheka mpaka kitambi kikauma. Mfamasia mzima niogope ufagio?

Jumatano, 29 Oktoba

Yudith kapiga asubuhi kutoka Dar. Binti yangu huyu, mdomo kama mama yake! Eti nimekimbia kura, nimefuata wali wa nazi. Yeye ndiyo anatoka kwenda kupiga. Nikamwambia akipigie na kitambi changu.

Jioni — mtandao umekatika. Redioni wanasema Dar ni marufuku kutoka nje usiku. Dar? Dar yetu hii?

Alhamisi, 30 Oktoba

Yudith hapatikani.

Hapatikani.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nilitaka kuondoka, Bi Mwamvua kakataa katakata: njia bado haijatulia, utakwenda wapi na tumbo hilo, hata kukimbia huwezi! Mumewe, mzee Hatibu, katoka msikitini na maneno ya watu. Mabomu ya machozi. Risasi. Kisha kanitazama, akanisogezea sahani. Wali wa nazi umenishinda. Mimi!

Jumamosi, 1 Novemba

Nimeaga. Mzee Hatibu kanyanyua msahafu mlangoni nipite chini yake. Mluteri mimi — nikapita, nikarudi, nikapita tena, isije ikawa sikuinama vizuri. Bi Mwamvua akasema mchanga wa viatu vyangu upo pale pale kizingitini, haugusi mpaka nipige simu. Nikauruka, nisije nikautawanya.

Segera. Basi limesimamishwa, hatuambiwi mpaka lini. Lakini simu imeshika! Nimempata Anastazia, anayekaa chumba kimoja na Yudith. Analia. Yudith hajarudi tangu alipokwenda kupiga kura. Hospitali kaenda, polisi kaenda, hayupo.

Nikamuuliza — mimi, mfamasia — alipotoka, ulifagia?

Akasema, Jumatano huwa ni zamu yangu, Baba.