Jogoo wa Senge Mlangoni mwa Hekalu

Jumatano, 24 Oktoba 1951. Kibabii

Shule imefungwa kwa sababu ya surua. Nilidhani nitalala wiki nzima. Wapi! Senge Lenah, dada yake baba, amekuja na neno: keshokutwa naenda naye Kitale. Kazi. Bwana Hirji, mwenye duka pale Bungoma, amemwambia Wahindi wa Kitale wanatafuta taa ndogo za udongo za sikukuu yao, Diwali. Mkuu wa hekalu ndiye atakayeamua. Akizipenda, Senge atafinyanga kila mwaka. Asipozipenda — basi. Siku hizi sokoni kila mtu ni sufuria, sufuria. Mitungi ya Senge inakaa tu, inamtazama, naye anaitazama.

Kiswahili cha Senge ni cha kununulia chumvi. Ati mimi nitakuwa mdomo wake. Mimi! Mimi ambaye darasani nikitaka kwenda choo nangoja mwingine aombe ruhusa, halafu namfuata. Kiswahili ninacho, Kiingereza ninacho, lakini vyote viwili vinaishi ndani ya daftari. Havitoki nje.

Alhamisi, 25 Oktoba

Tumezifunga taa kwa nyasi kavu. Ni nzuri kweli. Zinaenea kiganjani, kila moja na kidomo cha kulaza utambi. Senge anazigonga kwa ukucha na kusikiliza. Isiyolia vizuri inawekwa kando, bila huruma.

Halafu akamshika yule jogoo mwekundu, mfalme wa boma, akamtia kikapuni. Zawadi ya mkuu wa hekalu. Anasema mgeni asiyekaribishwa kwa kuku si mgeni, ni mpita njia, na mwenye kwenda kwa watu wakubwa mikono mitupu ni mwizi aliyechelewa.

Kichekesho ni kwamba Senge mwenyewe hajaonja kuku maisha yake yote. Mwiko wa wanawake wa zamani wa kwetu. Anampika hadi majirani wanakosa usingizi, anawapakulia wanaume, kisha anakula mboga zake kimya. Hata mchuzi halambi.

Ijumaa, 26 Oktoba. Kitale

Baridi hapa! Tumekuja na lori la Bwana Hirji. Senge alikataa kuziacha taa, akapanda nyuma nazo. Mimi mbele, katikati ya Hirji na Mukhisa, dereva. Kabla Hirji hajapanda, Mukhisa aliniuliza kama jogoo ana barua ya mwajiri ya kuingilia nchi ya Wazungu. Nilicheka kwa ndani.

Baada ya Kamukuywa, Hirji akafungua chakula chake. Chapati laini na achari ya embe. Akanikaribisha. Nikachota achari kama mboga. Machozi! Nikameza tu, nikalia kwa adabu. Akanipa maji. Akasema kwao nyumbani hakuingii nyama, wala samaki, wala yai. Na hekaluni ndiyo kabisa, hata kuingia na manyoya ni kuwakosea.

Nyuma yetu jogoo akawika.

Hirji alidhani ni kuku wa Mukhisa, akamwomba amweke mbali tukifika. Mukhisa akanitazama. Mimi nikatazama Mlima Elgon. Mlima mzuri sana.

Nilipaswa kumwambia Senge mara tuliposhuka. Sikumwambia. Tumefikia kwa mama mmoja Mkikuyu aitwaye Wangu, anayewapangisha wageni vyumba, akatupa mukimo wa moto, viazi na mahindi vya kupondwa. Senge akausifu, akauliza kuku yuko wapi. Nikaona hapo ndipo pa kusema. Nikasema, "Senge." Akasema, "Ee, mama." Nikamwomba chumvi.

Jumamosi, 27 Oktoba. Nyuma ya hekalu

Naandika upesi, nimekalia kikapu kitupu.

Mlangoni watu wanavua viatu. Senge hana viatu. Akatafuta cha kuvua, akavua kitambaa cha kichwa — wakati wanawake wote wanajifunika! Nikamrudishia haraka. Ndani kuna udi, samli, maua, kengele. Miungu yao imevalishwa vizuri kuliko sisi. Mkuu wao, pandit, mzee mwenye tumbo la furaha, akatia samli katika taa moja, akalaza utambi, akawasha. Tukangoja kama ingevuja. Haikuvuja. Senge hakupumua.

Kisha Senge akaniamuru kwa macho nikamlete jogoo, nami nikajifanya sikuona. Akatoka mwenyewe, akarudi na kikapu hadi kizingitini. Jogoo akatoa kichwa. Kengele ikanyamaza, au ni masikio yangu yaliyonyamaza. Hirji akafunga macho.

"Mwambie ni wake," Senge akasema, anatabasamu.

Pandit akanitazama. Wote wakanitazama. Nikasema — sijui sauti ilitoka wapi — "Senge, hawa wana mwiko wa kuku. Kama wewe."

Akafikiri.

"Hata wanaume?"

"Hata wanaume."

"Maskini wake zao. Sasa wanawapikia nini?" Halafu akaniambia nimweleze mzee kwamba wao wawili ni watu wa mwiko mmoja. Nikaeleza kwa Kiswahili, mbele ya kundi lote, mpaka mwisho. Pandit alicheka hadi akashika nguzo.

Wakatupa chakula uani juu ya majani ya mgomba: vichapati vilivyovimba kama mashavu, viazi vya manjano, donge tamu la samli. Senge amekula mara mbili. Ameniambia kwa siri kwamba hawa watu wanajua, ila kuku amekosekana.

Lakini kuna shida. Kwetu zawadi hairudi nyumbani. Kwao kuku hachinjwi. Kwa hiyo jogoo hana mwenyewe. Anatembea uani kama karani, akina mama wanamtupia mchele. Wazee wako ndani. Wanajadili taa au jogoo? Kuhusu taa hakuna aliyesema neno.

Pandit ametoka. Ameniita, mimi, si Hirji. Anauliza: jogoo akikaa hapa hapa hadi azeeke, Senge atakuwa anakuja na taa zake kumjulia hali kila Diwali?

Senge yuko bombani ananawa mikono. Ananipigia kelele, mzee anasema nini?

Kalamu naifunga. Lakini mdomo, ajabu, umeshafunguka —