Kofia Yako Imetokea Kabla ya Sinema Kuanza

Kofia yako imeonekana! Baba Mwende, nimeiona kwa macho yangu, inaning'inia kwa msumari ndani ya sinema. Na si sinema ya watu wengine. Ni kazi ya Mwende wetu.

Haya, sasa nikusalimie. Sisi tuko. Mvua imejaribu mwaka huu, mbaazi zimebeba, na kaburi lako nimelipalilia juzi. Lakini salamu zinaweza kungoja, hii haiwezi.

Binti yako, yule uliyekuwa ukimfukuza kwa ukumbi wako wa video, sasa yuko Nairobi, na anatengeneza mwanzo wa sinema. Si sinema yote. Ni pale mwanzo tu majina yanapopita, kwa zile sinema za wauaji na wapelelezi. Nilipoambiwa nikauliza, "Kwani kuna mtu analipwa kuandika majina?" Akacheka. "Mwaitu, mama yangu, siandiki majina. Nafanya watu wasitoke." Hapo nilikusikia wewe.

Unakumbuka pale Masii? Siku ya soko unaacha mlango wazi, yeyote anaingia bure, hata mwenye mbuzi wake. Unaweka kanda, jenereta inanguruma nyuma, majina yanaanza. Kiatu kinakanyaga maji. Ufunguo unageuka mlangoni. Simu inalia na hakuna anayeishika. Uso wa mtu hakuna. Jina la mwisho likipita tu, tap! Unasimamisha deki, unawasha taa, na ndugu yako Nzioki anapita na mkebe wa kiingilio. Kelele sasa!

"Wewe Baba Mwende, nani alikuwa nyuma ya mlango?"

"Lipa umwone."

"Ama ni bibi yako?"

"Akiwa ni wangu nakurudishia pesa!"

Hakuna aliyetoka. Hata yule mzee wa mbuzi alilipa, na mbuzi wake akalia hapo nje mpaka sinema ikaisha. Ukirudi nyumbani unaniambia, "Ukiwapa uso mapema wanaenda zao. Wape kiatu kwanza."

Na Mwende akawa mtu wa kuona mwanzo tu, kwa sababu ulisema mambo ya kuuana si ya mtoto. Alikuwa anakuja kwangu jikoni na kiatu na ufunguo wake kichwani, anamaliza hadithi mwenyewe tukichambua maharagwe. Kumtaja muuaji alikosea kila siku. Lakini alivyosimulia! Wewe mwenyewe ulisema ya kwake ni tamu kuliko kanda. Sasa watu wa Nairobi wanamlipa kwa hiyo hiyo. Nimewaambia akina mama wote wa chama, na wale ambao hawakusikia nimewaambia tena.

Basi akaniletea sidii yenye ule mwanzo peke yake, sinema yenyewe bado haijatoka. Akanikalisha mbele ya televisheni. Giza. Muziki unakuja polepole kama mtu anatembea juu ya mabati. Tone la maji linaangukia sufuria. Jina la mtu linatokea, linafifia. Halafu kofia, peke yake kwa msumari, ile ya kijivu, na ukingoni lile tundu ulilochoma kwa bomba la moshi la jenereta. Mkono unakuja kutoka kando, unaitoa. Msumari unabaki mtupu, na hapo juu ya msumari ndipo jina la mtoto wangu linaandikwa, kubwa kuliko la staringi!

Nikapiga vigelegele. Halafu nikavikatiza.

Wewe unajua. Ukiwa kitandani hospitalini ulinishika mkono ukasema, "Unizike na kofia yangu." Nikaahidi. Siku tulipokuleta nyumbani, asubuhi kofia ilikuwa kwa msumari wake nyuma ya mlango wa chumba chetu. Walipokuja kufunga sanduku, haikuwepo. Tulipekua kila mahali. Katekista akasema maombi hayawezi kusimama kwa sababu ya kofia. Ukaenda kichwa wazi, Baba Mwende. Kichwa wazi, na vile ulivyochukia jua.

Tangu siku hiyo kila aliyeingia nyumba ile namwangalia mara mbili. Nzioki aliitamani hiyo kofia ukiwa hai, na mpaka leo sijamkaribisha chai. Mama Kioko jirani aliingia chumbani ati anatafuta shuka. Shuka gani? Na katekista, alikuwa anaharakisha nini?

Nikamgeukia Mwende. "Hii umeitoa wapi?"

"Mwaitu, ngoja uone yote."

"Ni ya baba yako ama umetengeneza ingine?"

"Nikikuambia, utakuja kutazama nini?"

Na macho yake yakaenda dirishani. Mimi nilimzaa huyu. Haangalii dirisha bure.

Aliporudi Nairobi nikavuta pazia nikaiweka sidii tena, peke yangu. Mara hii sikuangalia kofia. Niliangalia ule mkono. Ni mdogo. Umevaa sweta ya kijani ya shule, na kwenye kiwiko imeshonwa na uzi mwekundu. Baba Mwende, uzi huo ni wangu. Wa kijani uliniishia, nikashona na mwekundu, akalia kwamba watamcheka, na siku ya mazishi yako alikuwa ameivaa hiyo hiyo.

Nairobi nzima hakuna anayejua habari ya uzi mwekundu. Najua mimi, na anajua yeye. Kwa hivyo uzi ule hakuwawekea watu wa sinema. Ameniwekea mimi. Mdomo umemshinda, amenipa kiatu kwanza.

Nimekasirika. Niko na fahari pia, mpaka sijui nianze na gani. Alikuwa mtoto tu, anaona babake akifungiwa kwa mbao, na ile kofia bado inanuka kichwa chako. Labda ningemwelewa. Lakini ahadi ilikuwa yangu, na miaka hii yote ameniacha niwashuku watu wa kanisa! Na Nzioki namshuku bado kidogo, mpaka niishike mkononi.

Sasa sikia. Sinema imekamilika, na Mwende anataka ionekane hapa kwetu kwanza. Ukuta wa ukumbi wako nimeupaka chokaa, jenereta imetengenezwa, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa nitaupika sufuria kubwa. Wote nimewaita. Nzioki atakunywa chai, sukari atajiwekea mwenyewe. Mwende nitamkalisha mbele, mahali naona uso wake. Na jina la mwisho likipita nitafanya kama wewe: tap! Taa. Nitasimama na ule mkebe wako, lakini sitaki pesa ya mtu. Nataka kofia.

Nikiipata nitakuletea siku hiyo hiyo, nichimbe pale kichwani kwako kwa mikono yangu, na binti yako akiwa amepiga magoti kando yangu. Hiyo nakuahidi tena, na mara hii hakuna msumari katikati yetu.

Pumzika, mume wangu. Vumilia jua kidogo tu. Nzioki amekubali kuja, Mama Kioko anakuja, katekista anakuja na bibi yake. Na Mwende amepiga simu kusema atafika mapema, na kwamba ana mfuko mmoja ambao nisiuguse. Ni Jumamosi.