Zamu ya Mzazi kwenye Mashini ya Batuli

Mama Beatrisi mpendwa wa safu ya ushauri, amahoro.

Barua hii nimeichana mara tatu kabla ya kukutumia, naomba unijibu kabla ya tarehe thelathini ya mwezi huu, kwa sababu siku hiyo mchapishaji wangu wa Bujumbura anataka masahihisho ya toleo jipya la kitabu changu cha pili, na mimi sijui kama nisahihishe, nifute au ninyamaze.

Mimi ni mtu wa Rumonge, nina miaka hamsini na mmoja, nilisoma sekondari nikaishia hapo, nikawa karani wa mnunuzi wa mawese, na tangu mwaka 1996 kila siku naandika kwenye daftari niliyoyaona, kwa tarehe, na ni kwenye madaftari hayo nilikotoa kitabu cha kwanza kuhusu biashara ndogo, kikapendwa, wakubwa wa makampuni wakaanza kuniita niwanoe namna ya kuongoza watu, halafu nikaanza kuweka mtaji kwenye biashara changa za wengine na kuchukua hisa. Watu huniita Mwalimu. Siku hizi jina hilo linanichoma.

Biashara ya kwanza niliyoitilia mtaji ni mashini ya kukamulia mawese ya dada yangu Batuli, binti wa shangazi, huko Minago. Wanawake walileta ngazi zao, matunda ya michikichi, wakakamua, wakamwachia Batuli sehemu ya mafuta na kuondoka na makapi ya kuwashia moto, na ilikuwepo desturi moja: mwanamke aliyetoka kujifungua, ngazi zake zilitangulia za wote na Batuli hakumtoza kitu. Waliiita zamu ya mzazi. Mimi nilikaa pale siku nne na saa mkononi, nikaona zamu ile inawachelewesha wengine na haiingizi chochote. Daftari la tarehe 9 Mei 2022 linasema nilimwagiza aiondoe, kila mtu achukue numero na alipe, na makapi yauzwe. Batuli aliniuliza, nanakili nilivyoandika: "Mudogo wangu, na mwenye mutoto wa siku tisa, naye nimwambie asimame mu mustari?" Nikamjibu, "Dada, huruma iko ya nyumbani. Hapa iko biashara." Kwa kuwa mtaji ulikuwa wangu, akafanya.

Kwa miezi sita faida ilipanda, nikaandika sura ya nne ya kitabu cha pili kumsifu, nikasema alilipokea wazo langu kwa furaha, na hapo nilidanganya nikijua, maana daftari lilikuwa wazi mezani. Wanawake hawakugombana na mtu, walitania tu kwamba siku hizi mawese ya Batuli imesoma shule, kisha mmoja mmoja wakahamia mashini nyingine, ngazi zao zikipita kwa baiskeli mbele ya mlango wake. Tarehe 20 Februari 2023 nikafanya ninalowafundisha wawekezaji, kuondoka mapema: nikadai mtaji wangu, Batuli akauza mota anirudishie, mashini ikafungwa, na miezi miwili baadaye kitabu kikatoka, na ndani picha yake anacheka mbele ya mashini hiyo.

Oktoba mwaka huohuo binti yake, Fahima, akajifungua, na unajua kwetu mzazi huhembwa, majirani humletea chakula, sabuni na maneno mazuri. Batuli aliazima viti kumi na viwili. Hakuja mtu, akavirudisha mwenyewe. Nilisikia siku ileile, nikaandika mstari mmoja, nikafunga daftari.

Mwezi uliopita mkurugenzi mmoja alinishukuru, akasema kwa ajili ya sura ya nne amefuta mchango wa msiba kazini kwake, nikatabasamu, na usiku huo nikaanza barua hii. Nikisema kweli, nani ataniita tena nimshauri? Na nikiiondoa sura hiyo kimya kimya, si itatosha?

Mwandishi, Rumonge

*

Ndugu yangu Mwandishi,

Haitatosha, na wewe unajua, ndiyo maana uliichana barua mara tatu.

Nakuonea huruma, kwa sababu mtu asiye na moyo angechoma daftari na kulala. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta tarehe moja, siku uliyokwenda kwa Batuli baada ya mashini kufungwa. Una tarehe ya kumwagiza na tarehe ya kumdai, ya kumwona huna. Miaka miwili na zaidi, na Minago si Ulaya.

Unajiita mshauri wa biashara ukakaa siku nne na saa, na hukuona Batuli alichokuwa akiuza. Mashini ziko nyingi. Wanawake walipeleka ngazi kwake kwa sababu kila mmoja alijua siku yake ya kujifungua itafika na pale hatasimama. Wewe ukaona hasara, ukamfanya dada yako akate kwa mkono wake kitu kilichomfungamanisha na wenzake. Viti vile vilikuwa bado vitupu wakati wewe unapigiwa makofi.

Sasa fanya hivi. Sura usiifute. Ukiifuta, yule mkurugenzi na wote walioiga watabaki na ushauri wako mbaya mikononi. Iandike upya, weka swali la Batuli kama lilivyo kwenye daftari, na jibu lako chini yake, bila kulipamba. Ile "furaha" itoe. Mchapishaji akikataa, mwambie asichapishe. Yule mkurugenzi mpigie simu kesho, usingoje kitabu.

Ila kabla ya kalamu, Batuli asikie kwanza. Msomee ukurasa huo kwa mdomo wako, muulize kama anataka jina lake na picha yake vibaki. Akisema hapana, ni hapana. Akitaka kuwasha mashini tena, mota uirudishe wewe, hisa usichukue, na zamu atapanga yeye. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, urudi wiki inayofuata. Wateja wengine utawapoteza. Wapoteze.

Na siku ya kwanza usiende na daftari wala habari ya kitabu. Nenda na mkeo, mbebe chakula na sabuni, mkamuhembe Fahima. Mtoto wake sasa anatembea, pengine ndiye atakayewafungulia mlango. Mwambie yeye kwanza kwamba mjomba wa mama yake amechelewa.