Bebe Wawili na Dumu la Njano

Jumatano, Kingi. Asubuhi kulikuwa na ukungu, mchana mvua, na sasa jioni matope yananuka kila mahali. Ninaandika nikiwa kwenye benchi la kituo cha afya. Simu ina chaji kidogo. Vidole vyangu vinanuka tumbaku ingawa nimevisugua kwa sabuni mpaka ngozi inauma.

Mtoto amelala. Anapumua. Nimeinuka kuangalia tena sasa hivi, anapumua.

Nianze mwanzo, maana kichwa changu kimevurugika na nikiandika huwa kinatulia.

Nyumbani kwetu kuna Bebe wawili. Wa kwanza ni mbwa. Mume wangu alimleta kutoka Walikale, anakofanya kazi, ndani ya koti lake, wakati ambapo tulikuwa tumeoana muda mrefu bila mtoto, na pale kanisani wamama walikuwa wameanza kuniombea kwa sauti kubwa huku wakinitaja jina. Aliniwekea kile kijibwa mapajani akasema, "Huyu njo bebe yetu kwanza," yaani huyu ndiye mtoto wetu kwa sasa. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikampa maziwa. Jina likabaki.

Baadaye, wakati wamama walikuwa wamechoka kuomba, akazaliwa binti yetu. Tulimpa jina Ushindi. Lakini jina hilo nililivaa mimi. Mimi ni Mama Ushindi, baba yake ni Papa Ushindi, na mwenye jina tulimwita bebe tu, kama mtoto mchanga yeyote anavyoitwa huku kwetu. Hatukuchanganyikiwa hata kidogo. Ukisikia Bebe amekimbiza kuku wa jirani, unajua ni nani. Ukisikia bebe ameota jino, unajua pia.

Hakuna aliyechanganyikiwa mpaka leo.

Wiki hii wote wawili wanajikuna. Mtoto ana vipele vya joto shingoni na mgongoni. Mbwa ana viroboto, na sikio moja amelikwaruza mpaka linatoa damu. Wanaopita hapa kwenye blogu yangu kusoma wanajua mimi na majani yangu: muravumba kwa kikohozi, mububirizi kwa tumbo la mtu na tumbo la mbuzi. Nimeyaandika yote hayo kwa maringo, nakiri. Mtoto namchemshia majani ya mpera na kumwogesha nayo yakipoa. Maji yake hukaa ndani ya sufuria yenye kifuniko. Mbwa nilimlowekea majani ya tumbaku usiku kucha ndani ya dumu la njano, nyuma ya jikoni. Mimi najua kipi ni cha nani. Kwa hiyo sikuona haja ya kumweleza mtu mwingine.

Mtu mwingine ni Shangazi Vumilia, dada ya marehemu baba yangu. Alikuja kwetu juzijuzi tu, watu walipokimbia vita Kashuga, akiwa na kitenge kimoja na sufuria. Anaamka kabla yangu kwenda kuteka maji. Anakula kidogo, kisha anasema ameshiba. Nikishika ufagio ananinyang'anya. Anaogopa sana kuwa mzigo. Mbwa hampendi. Kwake mbwa ni mbwa, anafukuzwa nje na habari imeisha, na sijawahi kumsikia akimwita kwa jina.

Leo nilishuka Masisi kuuza maharagwe. Mtoto nilimwacha kwa shangazi, na uji wake. Nikiwa sokoni nikakumbuka dumu. Nikapiga simu. Mtandao ulikuwa mbovu, nikawa napiga kelele katikati ya watu: "Shangazi, Bebe anajikuna sana! Umuoshe na ile dawa ya mu bido ya njano, mwili muzima!"

"Sawa, Mama Ushindi. Nitamuosha muzuri."

Simu ikakatika. Nikarudi kwenye maharagwe yangu na moyo mweupe.

Niliporudi nyumbani, shangazi alikuwa amekaa kizingitini na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa ametapika uji wote. Midomo imepauka, mate yanamtoka bila kukoma, jasho la baridi, na shingo haishiki kichwa. Shangazi mwenyewe alikuwa anatetemeka mikono. Akasema, "Kisha kuoga akalala muzuri, halafu akaanza kutapika. Ata miye kichwa inanizunguka."

Nikamchukua. Nikamlaza shingoni kwangu kama ninavyofanya siku zote, pua yangu kwenye utosi wake.

Tumbaku. Kwenye nywele za mwanangu.

Sijui nilichopiga kelele. Najua nilimvua nguo, nikammwagia maji, nikampaka sabuni, nikammwagia tena, nikamfunga kwenye kitenge changu bila kufikiri kwamba nacho kilikuwa kimeshashika ile tumbaku ya mwilini mwake. Jirani akawasha pikipiki. Shangazi akapanda nyuma yangu. Njia yote ilikuwa matope, na pale kwenye kizuizi vijana wenye bunduki wakatusimamisha kuuliza tunaenda wapi. Nilifunua kitenge tu. Mmoja akaangalia ndani, akainua kamba tukapita.

Baada ya kizuizi shangazi aliniambia sikioni, "Tusiseme dawa. Baganga banakasirikaka. Tuseme ni malaria."

Hapa kwetu wengi tunafanya hivyo. Tunafika kwa muganga wa kituo tukinuka majani, tunasema ni homa tu. Nami, naomba niwe mkweli, nilitaka kunyamaza. Mimi ndiye mama wa majani. Mimi ndiye ambaye watu wananisimamisha njiani kuniuliza, "Mbuzi wangu anaharisha, nimpe nini?" Nilijiona nikiingia pale na kusema nimemwogesha mtoto wangu sumu ya viroboto, na uso ukaniwaka.

Muganga Aline, muuguzi wa kituo, alimlaza mtoto mezani na kuuliza haraka, "Mumemupa nini? Mumemupaka nini?"

Shangazi akanitangulia. "Hapana kitu, muganga. Ni homa tu."

Muganga akashika kidole cha mtoto amtoboe kupima malaria. Nikaangalia ile midomo. Ilikuwa inazidi kupauka, na kifua kilikuwa kinapanda, kinangoja, halafu ndipo kinashuka.

"Tumbaku," nikasema. "Ameoshwa na maji ya tumbaku, mwili muzima."

Aliweka sindano chini. Hakunikemea. Ningefurahi angenikemea. Aliuliza maji yalilowekwa kwa muda gani, mtoto aliogeshwa saa ngapi, kama alikunywa. Akakitupa kitenge changu nje. Akamwosha upya kwa sabuni, kwenye mikunjo ya shingo, nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, mahali ambapo mimi kwa haraka yangu sikufika. Akamtundikia serumu, yale maji ya kuingia mshipani. Kisha akaniambia wazi kwamba hana dawa ya kuitoa tumbaku ndani ya damu. Kazi ni kumlinda asiache kupumua, mpaka mwili wenyewe uimalize.

Mpaka mwili uimalize. Mwili wenyewe ni huu mdogo, ninaubeba kwa mkono mmoja.

Tukasubiri. Hasira ikanipanda, nikamfuata shangazi nje kwenye baraza.

"Nilikuambia imbwa! Nilisema imbwa!"

"Uliniambia bebe."

"Imbwa!"

"Bebe, Mama Ushindi. Ulisema bebe anajikuna. Na kweli alikuwa anajikuna."

Akageukia ukuta. Nilimchukia wakati ule. Nilifikiri: anakula kwangu, analala kwangu, sasa ananiulia mtoto. Ninaliandika wazo hilo hapa jinsi lilivyokuja, nisije baadaye nikajidanganya kwamba sikuliwaza.

Ndani, Muganga Aline akaniita. "Mama, umuite jina yake. Nataka nione kama anasikia."

Nikainama. "Ushindi."

Macho yalikuwa nusu wazi, yanatazama mabati.

"Ushindi. Ushindi, mama." Hakuna kitu. Muganga akaweka tena kiganja kifuani pake na kuanza kuhesabu pumzi. Nikamwita kwa nguvu, jina lote, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akakaa. Hakuna kitu. Nikashika ukingo wa meza.

Ndipo ulimi ukasema wenyewe, taratibu, kama unavyosema kila asubuhi: "Bebe."

Macho yakaja. Polepole, yakinitafuta, lakini yalikuja.

Na mlango nao ukasukumwa. Mbwa wetu, ambaye alikuwa ameifuata pikipiki njia yote, matope mpaka tumboni, sikio lina damu, aliingia akitikisa mkia kwa sababu alikuwa ameitwa.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yake mlangoni. Akamtazama mbwa. Akanitazama mimi. "Kumbe imbwa njo Bebe?"

Mbwa alikuja kunilamba mguu.

Nilimtoa shangazi nje nikapiga magoti mbele yake pale kwenye baraza, watu wakiona. Nilimwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyesema bebe, mimi ndiye niliyeacha dumu bila kueleza, na kwamba nyumba yangu ni yake leo na siku nyingine zote. Alinishika kichwa kwa mikono yake inayotetemeka. "Ningejuaje, mwanangu?" akasema. "Ningejuaje?" Muganga naye alipoiona ile mikono alimpeleka kwenye maji na sabuni, akamkalisha, akampima. Kizunguzungu chake kilitoka kwenye dumu lile lile. Alikuwa amemsugua mtoto kwa viganja vitupu, vizuri, kama alivyoniahidi kwenye simu.

Mtoto alitapika tena, akalia kilio chembamba, na kile kilio kilinifurahisha kuliko wimbo wowote. Baadaye kidogo akaanza kutafuta ziwa. Nilipomnyonyesha niliisikia taya yake ikivuta kwa nguvu, na hapo ndipo machozi yalinitoka. Muganga anasema tunalala hapa, na kwamba kesho ataangalia tena kabla ya kuturuhusu.

Nimeingia kwenye yale maandishi yangu ya zamani ya mbwa na viroboto. Juu kabisa, kabla ya maringo yote, nimeandika kwamba maji ya tumbaku ni sumu hata kwa kupitia ngozi, kwamba yasiguse mtoto, wala mkono mtupu, wala mnyama mwenye kidonda, wala mnyama anayejilamba, yaani kila mnyama. Halafu nimeona kwamba baada ya onyo hilo hakuna tena cha kuelekeza, nikafuta maelekezo yote. Mbwa tutamchana viroboto kwa kitana na kumwosha kwa sabuni. Shangazi ameshaanza. Kupitia dirisha namwona barazani, mbwa amelala miguuni pake, anamtoa viroboto mmoja mmoja kwa kucha na kumgombeza kwa jina lake.

Nimejaribu kumpigia Papa Ushindi huko Walikale. Hapatikani. Sijui nitamwelezaje. Najua atasema tumbadilishie mbwa jina, tumwite Simba, kama mbwa wa watu. Nami nimelifikiria hilo tangu mtoto alipotulia. Lakini alikuwa Bebe wakati hatukuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Nililia juu ya manyoya yake miaka ile yote. Siwezi kumnyang'anya.

Anayepaswa kupewa jina ni huyu mwingine. Lake lipo, tulimpa kanisani, na mimi nikalivaa kama kitenge kipya nikasahau kumrudishia.

Nimeanza jioni hii. Ninamwinamia ninasema Ushindi. Jina hilo amelisikia tangu azaliwe, sokoni, kisimani, kwenye simu, na kila mara aliyeitika ni mimi. Nimemwita tena sasa hivi, kwa sauti ndogo, nisimwamshe mgonjwa wa pili.

Ushindi.

Amefumbua macho, akanitazama mdomoni, akisubiri mimi niitike.