Ndoo ya Utupa

Igawilo,
Mbeya.
9 Aprili 2025.

Mpendwa shangazi Yudith,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kihesa, na ule mguu uliokusumbua wakati wa Krismasi umeacha kuuma. Jofrey naye hajambo? Amezoea shule mpya?

Sisi huku ni wazima. Bibi anakohoa asubuhi kwa ajili ya baridi, lakini akianza kusema kikohozi kinakwisha. Mama hajambo. Mdogo wangu Pendo ameng'oka meno mawili ya mbele na anayaonyesha mapengo yake kwa kila mgeni.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani ni ya baba, na habari zenyewe zinamhusu baba. Mwalimu wetu Noorjahan anakwenda kwao Mlandege, jirani na kwako, kwa likizo siku ya Jumamosi, naye amekubali kukuletea barua hii mkononi.

Shangazi, nakuheshimu sana, lakini sina budi kusema kwamba jambo hili lilianzia kwako. Wewe ndiye uliyempeleka baba kwenye ile semina ya kilimo hai mwaka jana. Alikuja kukusalimia siku tatu tu, akarudi na daftari lililojaa. Tangu hapo hatujapumzika. Januari alisimama kanisani wakati wa matangazo, akasema kwamba familia ya Jailos haitanunua chakula chochote mpaka mavuno, isipokuwa chumvi, na ekari yake haitaona mbolea wala dawa ya dukani. Mama alikuwa amekaa na kwaya. Alisikia pamoja na watu wengine wote.

Kwa hiyo tangu Januari tunakunywa chai ya mchaichai bila sukari. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, mimi na Pendo tunapita kwenye mahindi tukiokota viwavijeshi kwa mkono na kutia majivu kwenye moyo wa kila mmea. Nikitoka hapo nabeba mkojo wa sungura kwenye dumu kuupeleka kwenye mboga. Darasani wenzangu wameniachia dawati zima peke yangu. Nimemweleza baba, akasema nafasi ni nzuri kwa kusoma.

Sitaki kuwa mwongo, shangazi. Tangu Januari hakuna aliyelala na njaa hapa nyumbani. Maharage yamebeba vizuri, magimbi yapo, kuku wanataga, na mahindi yetu si mafupi kuliko ya watu wanaotia mbolea ya dukani. Nilikuwa nimeanza kuamini. Kilichobaki kilikuwa samaki tu, maana baba alituahidi kwamba Pasaka hii tutakula perege wa bwawa letu wenyewe.

Bwawa hilo unalijua kwa picha. Usichokijua ni kwamba baba hakulichimba peke yake. Jirani yetu, mzee Samwel, alikuja na jembe lake bila kuitwa, akachimba siku mbili. Anamtania baba sana, anamwita Bwana Mboji, lakini alichimba. Shamba lake la viazi liko juu yetu, na mfereji unaoleta maji bwawani unapita kwake kwanza, ndipo unafika kwetu.

Jumamosi iliyopita maharage yaliingiliwa na vidukari. Baba alitutwangisha majani ya utupa, tukayaloweka kwenye ndoo pamoja na kipande cha sabuni, kisha tukanyunyizia kwa fagio. Dawa ilibaki kama nusu ndoo. Nilimwuliza baba niimwage wapi. Akasema, "Mwaga hapo mfereji ulipo, uoshe na ndoo. Ni majani tu, hayamdhuru mtu." Nikamwaga, nikaosha ndoo vizuri sana, kama nilivyofundishwa.

Jumapili asubuhi perege walikuwa wametoa midomo juu ya maji, wanahema. Tuliporudi kanisani walikuwa wanaelea matumbo juu. Sijui walikuwa wangapi. Pendo alianza kuwahesabu akaacha akalia.

Siku ileile ya Jumamosi mzee Samwel naye alikuwa amepiga viazi vyake dawa ya ukungu, ile ya dukani. Baba hakutaka kusikia jingine. Alisema mbele ya watu waliokuja kutazama kwamba sumu ya Samwel imemwulia samaki. Mzee Samwel alidhani ni utani, akajibu kutoka ng'ambo, "Bwana Mboji, samaki wako wamekufa kwa kukosa sukari." Watu wakacheka. Baba hakucheka. Tangu hapo hawasalimiani, na Jumamosi hii kesi inakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Bibi ndiye aliyesema ukweli siku ile ile, akiwa amesimama na fimbo yake kwenye ukingo wa bwawa. Alisema, "Hawa wamelewa utupa." Baba akamwambia, "Mama, utupa ni jani tu." Bibi akasema, "Ndiyo. Tulivulia samaki mtoni kwa jani hilohilo kabla hujazaliwa." Baba akaondoka na koleo, akawafukia samaki wote kwenye shimo la mboji, na bibi hajamsamehe, kwa sababu yeye alitaka wakaangwe.

Mimi nilijua kuhusu ile ndoo, shangazi, na nilinyamaza. Jana baba aliniagiza ninakili kutoka kwenye daftari lake mambo ya kumwambia mwenyekiti kuhusu madhara ya dawa za dukani. Nikafungua ukurasa wa utupa. Chini kabisa, kwa mwandiko wake mwenyewe, baba ameandika: "Usimwage karibu na maji yenye samaki." Amepiga na mstari chini yake. Aliandika, akapiga mstari, akafunga daftari, asilisome tena. Na mimi ninayeambiwa kila siku nisome vizuri, nifanyeje?

Kama nikinyamaza, mzee Samwel ataitwa mwuaji wa samaki kwa ndoo niliyoimwaga mimi. Kama nikisema, nitamwaibisha baba mbele ya kijiji chote. Ningependa unishauri, ila barua itakufikia kesi ikiwa imekwisha.

Ijumaa, 11 Aprili, jioni.

Shangazi, sikuifunga barua hii ile Jumatano, nami nashukuru.

Leo nilipotoka shule nilimkuta baba peke yake kwenye maharage. Nilimpa daftari likiwa limefunguliwa ukurasa ule, nikamwambia ndoo niliimwaga mimi. Alisoma. Akasoma tena. Akaniuliza, "Huu ni mwandiko wa nani?" Nikasema ni wake. Aling'oa gugu moja, akasema, "Ndoo uliimwaga kwa kuwa nilikuagiza."

Kisha alikata mkungu wa ndizi, ule mkubwa aliokuwa ameutunza, akaubeba begani kwenda kwa mzee Samwel. Tulimsikia mzee Samwel akiuliza kwa sauti, "Bwana Mboji, hizo ndizi ni za kesi au za Pasaka?" Sikusikia baba alijibu nini. Walikaa huko mpaka mama akaanza kuwa na wasiwasi.

Aliporudi alikuwa na ndoo imejaa viazi, akasema kesho hakuna kesi. Unajua kwetu ukipeleka kitu kwa mtu hurudi mikono mitupu, na huwezi kukataa. Viazi hivyo vimekuzwa kwa mbolea ya dukani na kupigwa dawa ya dukani. Mama alivichemsha, akaviweka mezani, akaketi kumtazama baba. Sote tulimtazama. Baba alichukua kiazi, akakimenya polepole, akachovya kwenye chumvi, akasema, "Hivi havijatoka dukani. Vimetoka kwa Samwel." Akala. Bibi akasema ni vitamu kuliko vyetu, na hakuna aliyembishia.

Sasa nina ombi. Ulisema kuna mtu hapo Kihesa anazalisha vifaranga vya perege. Tafadhali mwombe wachache, hata ishirini tu. Mwalimu Noorjahan atarudi mwisho wa mwezi na amekubali kuwapakata kwenye mfuko wa maji ndani ya basi. Ndoo ya utupa nimeiandikia kwa rangi nyekundu, na nimechimba shimo lake mbali na mfereji.

Wasalimie mjomba Isaka na Jofrey. Bibi, mama na Pendo wanakusalimu, na baba pia, ingawa hajui kwamba nimekuandikia. Mungu akulinde, aubariki mkono wako na kila unachokipanda.

Mimi binti wa kaka yako, nikupendaye sana,

Damari Jailos