Risasi Ngumu kwa Paa

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimesafisha bunduki mbili tangu asubuhi. Mitutu safi. Bolti ya ile ya pili inakwama, nimeitia mafuta. Mgeni wa kuwinda anafika Jumatano, anataka paa na taya. Swala wadogo wote wawili. Paa mzima hafikii uzito wa mbuzi.

Risasi za ncha laini zimebaki nne. Nne tu! Mzigo mpya bado umekwama forodhani, wiki ya tatu sasa. Kabatini kuna maboksi sita ya ncha ngumu, zile za kulenga shabaha. Nimemwambia meneja. Anasema tutaona.

Jumanne, 7 Oktoba

Meneja amekuja ghalani mwenyewe. Si kawaida yake.

"Afande Zaituni, mgeni iko njiani. Kama laini hakuna, mpe hiyo ingine."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote. Ncha laini ikimgonga mnyama inachanua ndani yake. Anaanguka palepale, na hata ikitokea upande wa pili imeshachoka. Ncha ngumu haichanui. Inamtoboa paa kama karatasi na kuendelea na safari. Paa anakimbia na tundu lake kufia kichakani, na risasi bado ina nguvu ya kutafuta kitu kingine. Nilikaa miaka kumi na tisa ghala la silaha jeshini. Hili silibahatishi.

"Risasi ni risasi, mama. Kama kazi imekushinda, sema. Watu wako wengi wanaitaka."

Nina miaka hamsini na mmoja. Hawa, binti yangu, yuko mwaka wa pili chuoni. Nani atamwajiri mwanamke wa umri huu anayejua bunduki tu?

Nimetoa laini nne na ngumu ishirini. Nimetia saini kwenye kitabu cha ghala. Sikupiga kelele. Nina aibu.

Jumatano, 8 Oktoba

Gari limeondoka hapa Mbuya, Kampala, saa moja asubuhi, linaelekea kaskazini. Ocen amekaa mbele. Yeye ndiye mfuatiliaji nyayo wetu, anatangulia na kumtafuta mnyama. Tulikuwa kambi moja jeshini miaka kumi na mmoja. Nilimtafutia mimi kazi hii.

Nilitaka kumwambia kuhusu zile risasi. Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Ocen akasema, "Sajini, baki vizuri." Nikasema safari njema.

Safari njema!

Ijumaa, 10 Oktoba

Simu ya dereva saa nne asubuhi. "Afande, mzee Ocen amepigwa."

Nikamwambia anieleze yote.

Mgeni alimlenga paa aliyesimama kwenye uwazi. Kiongozi wa msafara alikuwa amemtuma Ocen azunguke kichaka, aangalie nyayo upande wa pili. Majani marefu. Hakuna aliyehakikisha amefika wapi. Risasi ilipita kwenye ubavu wa paa na kumkuta Ocen kwenye paja. Paa hakuanguka hata. Mpaka sasa hawajampata.

Nikauliza, laini au ngumu? Dereva hakujua kwa nini nauliza. "Zile za boksi jekundu. Zile ingine alimaliza jana, alikosa zote."

Boksi jekundu ni ngumu.

Ni mimi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wamemleta hospitali hapa Kampala. Mfupa wa paja ulikuwa vipande vipande. Wamekata mguu wa kushoto, juu kabisa. Hajaamka vizuri.

Mkewe Lamunu alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, na kanga ileile aliyosafiri nayo. Akanikumbatia.

"Asante kuja, dada. Huyu anakusifu kila siku. Anasema bunduki ikitoka kwa mkono yako, yeye hana wasiwasi."

Nikakaa naye. Nikamnunulia chai. Nikaacha aendelee kunishukuru.

Jumatatu, 13 Oktoba

Meneja ameniita ofisini. Karatasi ilikuwa tayari imechapwa. Inasema ghala lilitoa risasi laini, zinazofaa kwa wanyama wadogo. Inasema mfuatiliaji aliondoka mahali alipopangiwa bila ruhusa.

"Tunalinda kampuni. Kampuni ikifa, huyo Ocen nani atamsaidia?"

Nikatia saini. Bila kukaa, bila kuisoma mara ya pili.

Ocen hajawahi kuondoka mahali alipopangiwa. Hata siku moja katika maisha yake.

Jumanne, 14 Oktoba

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa. Adhana imetoka kilimani mara zote tano, na mara zote nimeswali bila kujua nasema nini. Hawa amepiga simu, sikupokea.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimekwenda hospitali. Ocen alikuwa macho. Amekonda, macho makubwa. Shuka upande wa kushoto limelala bapa kitandani. Nilijilazimisha kulitazama.

"Wanasema nilitoka kwa mstari," akasema. "Mimi sikutoka, Sajini. Walinituma."

"Najua."

"Hata polisi wanasema iko karatasi."

"Niliitia saini mimi. Ni uongo. Risasi haikuwa laini. Nilitoa ngumu, nikijua ni ngumu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anasikiliza redio.

"Ulijua mbele ya safari?"

"Nilijua."

"Ungeniambia, mimi ningekataa kuzunguka. Neno moja tu, Sajini."

Akageuza uso ukutani. Nilikuwa na muda wa kusema neno hilo. Nilikuwa na uwanja mzima, asubuhi nzima.

Lamunu alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Akanishika kiwiko mpaka mlangoni. Hakunisukuma. "Usirudi hapa," akasema.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeandika karatasi nyingine kwa mkono wangu. Kurasa mbili. Aina ya risasi, nani aliagiza, nani alitoa, nani alimtuma Ocen upande ule. Nikapiga picha ukurasa wa kitabu cha ghala. Nikapeleka polisi.

Afisa aliisoma mara mbili. "Mama, unaelewa hii inaweza kukufunga wewe?"

"Naelewa."

Akaniambia nirudi nyumbani, nisitoke Kampala, nitaitwa.

Saa nane mchana meneja akapiga simu. Matusi. Nikarudisha funguo za ghala kwa mlinzi wa getini, nikateremka Mbuya kwa miguu.

Nilidhani nikisema kweli nitapata nafuu. Sikupata. Mguu hauoti. Nimechelewa siku tisa, na hizo siku tisa hakuna pa kuzirudisha.

Jumapili, 19 Oktoba

Lamunu amepiga simu asubuhi. Sauti kavu. Muuguzi ni mmoja wodi nzima, ndugu zao wa kaskazini hawajafika, na Ocen ameanza vidonda mgongoni. Hawezi kumgeuza peke yake.

"Njoo," akasema. Akakata.

Nilikwenda. Hakuna aliyenisalimu. Lamunu akaonyesha upande wa kichwa, nikasimama pale. Nikapitisha mikono chini ya mabega ya Ocen. Yeye alifumba macho. Tukahesabu mpaka tatu, tukamgeuza. Ni mwepesi mno. Lamunu akamwosha mgongo kwa maji ya uvuguvugu, polepole, na mimi nikamshikilia asirudi nyuma. Alikuwa anahema shingoni mwangu.

Tukamlaza. Lamunu akakamua kitambaa.

"Saa kumi tena," akasema.

Nimekaa kwenye benchi nje, nangoja saa kumi.